Aliyemtafutia Irmtrud Baba

Wafiwa wenzangu, mnaosoma na mnaofanya biashara hapa Guangzhou, mimi ni Careen, nimepewa kazi hii kwa kuwa ndimi ndugu pekee wa marehemu aliyepo, karatasi imeletwa kwa faksi kutoka Moshi na mjane wake, Bi. Bertila, nami nitaisoma kama ilivyo, isipokuwa pale nitakaposhindwa.

Marehemu Mwalimu Alphonce alizaliwa Kibosho tarehe 3 Machi 1946, akasoma seminari, akahitimu mwaka 1966 akijua Kilatini na Kijerumani, akafundisha Tanga hadi 1972, akafunga ndoa na Bi. Bertila tarehe 20 Julai 1974, wakajaliwa watoto wawili, George na Emiliana. Ndivyo karatasi inavyosema.

Septemba 1996 alikuja hapa kwa ufadhili wa masomo, akapangiwa kuandika tasnifu kuhusu reli, yeye akang'ang'ana na Irmtrud, mke wa kabaila wa Kijerumani, mwanamke aliyekufa mwaka 1094 na ambaye baba yake mzazi alimfuta kwenye orodha ya ukoo, akaandikia maktaba na monasteri barua chungu nzima, nyingi nikizipeleka posta mimi, nikitoka sokoni Zhanqian Road na marobota yangu ya nguo. Tarehe 12 Mei 1998 lilikuja jibu, nakala ya daftari la watawa la marehemu wa kuombewa, humo Irmtrud katajwa pamoja na baba yake, na Mwalimu akalia mbele ya wenzake bwenini, akasema, "Walimkana miaka mia tisa, leo ana kwao." Kisha akaninyooshea kidole mimi niliyesimama mlangoni, akawaambia, "Huyu ni mpwa wangu."

Marehemu hakuwa na dada. Mimi nilizaliwa Tanga tarehe 19 Agosti 1970, mama yangu ni Sihaba, fundi cherehani, na marehemu alijua, na sijamsamehe.

Januari mwaka huu aliugua ini, akalazwa, nikamlisha uji wiki kumi na moja nikingoja neno moja, yeye akaniomba nimsomee tena lile jibu la watawa, akafariki Jumapili tarehe 11 Aprili 1999.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani wa bwenini, na maprofesa waliovumilia kuikosa reli yao. Kesho nasafiri na majivu yake kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun, fomu ya kuyapokea iliuliza uhusiano, nikaandika binti, ikagongwa muhuri, na Bi. Bertila atakabidhiwa vyote viwili, majivu na fomu.

Pumzika kwa amani, baba, ukiweza.