Sista Winifrida Ndimbo: Miaka Thelathini na Nne, na Mfuko Kwapani

Sista Winifrida Ndimbo ametumikia wagonjwa kwa miaka thelathini na nne kamili, tangu Julai 1991 hadi leo tarehe 30 Juni 2025, anapostaafu akiwa muuguzi kiongozi wa wodi katika kituo chetu cha afya hapa Kibiti. Kamati ya sherehe ilipouliza nani aandike wasifu wake, madaktari walitazamana, kisha wakatazama simu zao. Mimi nikanyoosha mkono. Naitwa Mwanasiti Abdulazizi, mhudumu wa usafi wa wodi, darasa la saba la enzi za walimu wakali. Wodi yangu mnaijua, ile sakafu mtu anaweza kulia ubwabwa. Mwandiko wangu pia mnaujua, maana vibao vyote vya ukutani hapa kituoni ni mkono wangu.

Sista alizaliwa Mbinga, milimani kwenye kahawa, na kituo chake cha kwanza cha kazi kikawa zahanati ya Mbwera, kwenye visiwa na mikono ya mto. Daraja la Ndundu, la kuvukia mto, lilikuwa bado halijajengwa. Alivuka kwa kivuko, na walipofika ng'ambo akamshukuru Mungu kwa sauti kwamba maji yameisha. Mzee mmoja wa kivukoni akamwambia, "Mwanangu, maji hujayaanza." Mara ya kwanza kupanda mtumbwi alikuwa anamsindikiza mjamzito, na alikaa chini kabisa, kafumba macho, kashika kingo zote mbili. Yule mjamzito mwenye uchungu wake ndiye aliyekuwa akimbembeleza nesi. Watu wa Mbwera wakampa jina la Sista Fumba. Alipohamishiwa Mohoro baada ya miaka tisa alikuwa anapiga kafi mwenyewe, na nyuma ameacha akina Winifrida saba, wote watoto wa Kiislamu, waliopewa jina lake na mama zao.

Kibiti alifika mwaka 2008. Mengi amefanya hapa, na mganga mfawidhi atayasoma kwenye hotuba yake. Mimi nitalisema la siku za Alhamisi, kwa sababu hilo nalijua kwa ngozi ya mwanangu.

Alhamisi ni siku ya wagonjwa wa mifuko, yaani wale waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, utumbo ukatolewa nje kwenye kitundu, na haja ikawa inatokea hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa. Kabla ya Sista kwenda mafunzo Dar, watu hawa walikuwa wanajifunga nailoni na vipande vya kanga, wanajifungia ndani. Yeye alirudi na boksi moja la mifuko na ujuzi kichwani. Anakata kadi ya boksi la dawa kupimia kitundu. Anaosha ngozi kwa maji ya uvuguvugu, anaikausha kama anakausha uso wa mtoto mchanga. Na mfuko wenyewe, kabla hajaubandika, anauweka kwapani upate joto gundi ilainike, huku anapiga stori. Wageni humshangaa. Daktari mmoja kijana alimwona hivyo akamwuliza, "Sista, umebana nini hapo?" Akamjibu, "Nimebana mshahara wako, kaa chini ujifunze."

Mwaka 2022 mwanangu Muzdalifa alikuwa kidato cha tatu. Kwa hesabu hana mpinzani, huyo mtoto, na simsifu kwa kuwa ni wangu, ulizeni shuleni. Akaugua homa ya matumbo, utumbo ukatoboka, wakampasua Dar, akarudi nyumbani na kitundu na mfuko. Madaktari walisema ni wa muda tu, utumbo ukipona wataurudisha ndani. Lakini kitundu chake kilikuwa cha utumbo mwembamba, kinachotoka ni majimaji kama uji mwepesi, tena yanachoma. Ngozi ikachubuka, ikawa nyekundu. Na mfuko mmoja ulikuwa unakula bei ya kilo tatu za mchele.

Mimi ni mama. Nimeona ngozi ya mwanangu inaungua, nikafanya nilichorithi kwa mama yangu: nikampaka mafuta ya nazi. Mafuta yangu nayakamua mwenyewe, Kibiti nzima wanayajua, mengine yanasafiri mpaka Mbagala. Asubuhi namsugua taratibu, jioni namsugua. Mifuko ikaanza kubanduka. Boksi la mifuko kumi likaisha siku nne. Nikampigia simu muuzaji wa Dar nikamwambia unauza feki, Mungu anakuona. Maskini yule baba akaapa mpaka sauti ikamkauka.

Siku moja mfuko ukabanduka darasani. Muzdalifa hakuniambia mpaka tulipofika Dar. Alichofanya ni kuacha kunywa maji, akajipigia hesabu zake kwamba asipokunywa, mfuko hautajaa, na usipojaa hautabanduka. Kikombe nikimpa anakimwaga dirishani, nami nikifagia nashangaa tope limetoka wapi na mvua hakuna.

Jumapili moja Sista akapita kwangu akitoka kanisani, na kitenge chake cha sikukuu, kuja kumwona mgonjwa wake. Alimshika Muzdalifa ngozi ya mkono, akaivuta kidogo, ikabaki imesimama. Akaniuliza, "Mwanasiti, mtoto kakojoa lini?"

Nikamwambia, "Sista, binti mkubwa huyu, nitamfuata chooni?"

"Mfuate. Muzda, lini?"

Mtoto akasema juzi.

Sista hakumaliza hata chai. Tulitoka kwa gari la wagonjwa hivyo hivyo, yeye na kitenge chake, mimi na kanga ya nyumbani, mpaka Dar. Huko wakasema figo zimegoma kwa kukosa maji, na itabidi damu isafishwe kwa mashine. Mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Kama zitaamka, wataona. Kama haziamki, ndiyo maisha yake hayo. Kila safari moja ya mashine ilikula bei ya gunia la mchele, na mashine yenyewe Kibiti hatuna. Nikauza shamba la mpunga la Mohoro, urithi wa marehemu baba, na sikulia, maana sikuwa na nafasi ya kulia.

Kiti cha pembeni alikuwepo mtu wetu wa Mohoro, Mzee Mrisho, mwaka wa pili kwenye mashine. Amepanga chumba karibu na hospitali, mke yuko Mohoro na wajukuu, shamba wanalima wengine. Nilimwuliza unarudi lini nyumbani, akacheka. "Bi Mwanasiti, mimi mkazi wa kiti hiki. Barua za serikali waniletee hapa." Nilicheka naye. Halafu nikamtazama mwanangu na mipira ile ya damu shingoni, mtoto wa miaka kumi na saba, nikaona kile kiti kinavyomtosha, kama kilichongwa kwa ajili yake. Hofu ile siwezi kuiandika vizuri, na mimi naandika vizuri.

Sista alichukua likizo yake ya mwaka, ile aliyokuwa ameiweka aende Mbinga kumwona mama yake, akaja kukaa na sisi Dar. Alishika jagi la kupimia mkojo kama mtu anayesubiri mgeni stendi. Siku ya baada ya mashine ya saba, Muzdalifa akaenda chooni, akarudi na jagi lina kidogo. Kesho yake likawa nusu. Sista akapiga kigelegele wodi nzima ikaruka. Nesi wa zamu akaja mbio, "Mama, kuna harusi?" Sista akamwonyesha jagi, "Bwana harusi huyu hapa."

Figo ziliamka. Tukarudi Kibiti. Dar mfuko ulikuwa unakaa mpaka siku nne, nami nikawa natangaza kwamba mifuko ya hospitali ndiyo yenyewe, ile ya dukani takataka. Nyumbani nikachukua chupa yangu nikampaka mwanangu. Kesho yake mfuko ukabanduka. Sista akaja, akainama, akanusa.

"Mwanasiti, hapa mmekaanga nini?"

"Ni mafuta yangu tu, Sista. Yale mazuri."

Aliitazama chupa, kisha mfuko uliobanduka. Mimi si mjinga, nikaanza kuhesabu mwenyewe kurudi nyuma, mafuta, gundi, darasani, kikombe, figo. Nikakaa chini sakafuni. Nikamwambia, "Kumbe mimi." Sista akakaa sakafuni na mimi, kwa magoti yake yale mabovu, akasema, "Gundi haishiki kwenye mafuta, na hilo lilikuwa la mimi kukwambia siku ya kwanza. Nilikuona mtu wa wodi nikadhani unajua. Kosa la kwanza ni langu." Akainuka, akaosha ngozi ya mtoto, akakausha, akaweka mfuko kwapani. Ule ulikaa siku tano.

Miaka mitatu amekaa na siri hiyo. Hajamwambia mtu, hata pale mhasibu alipotaka kujua mifuko ya kituo aliyotuongezea ilikwenda wapi. Leo naisema mwenyewe. Ila tangu siku ile, kila Alhamisi neno lake la kwanza kwa kila mgonjwa, kabla ya habari za nyumbani, ni mafuta marufuku. La pili, maji kunywa. Kibao chake ukutani nimekiandika mimi kwa herufi kubwa, na tangu kiwepo hatujampeleka mgonjwa wa mfuko yeyote kwenye mashine.

Utumbo wa Muzdalifa ulirudishwa ndani mwaka 2023. Kidato cha nne alifaulu daraja la kwanza, nimesema ulizeni shuleni. Sasa yuko kidato cha tano, bwenini, Fizikia, Kemia na Biolojia. Figo zake zinapimwa kila miezi mitatu, na kipimo cha mwezi huu Sista alikichukua kwa mkono wake kabla ya kukabidhi funguo. Majibu ni mazuri.

Nilipoanza kuandika karatasi hii niliweka "mgonjwa mmoja", nikijua binti wa watu hapendi kutajwa na habari za choo mbele ya wageni na wakwe watarajiwa. Nikamsomea kwenye simu. Akaniambia, "Mama, futa. Andika Muzdalifa Abbasi, andika na kidato. Sista alinusa mfuko wangu hakuona haya, mimi nitaona haya ya jina langu?" Nikafuta. Ndiyo maana mnamsoma.

Ahsante, Sista Winifrida, kwa likizo ile ya mama yako uliyoimalizia kwenye benchi la wodi ya watu. Nenda Mbinga sasa, ukakae naye mpaka mchokane, na Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha na magoti mapya.