Mnadi wa Mlingotini

Ndani ya basi la Bagamoyo, Mzee Mwishehe, aliyenadi samaki Mlingotini kwa miaka thelathini, alikuwa akimlalamikia binti aliyeketi kando yake. "Siku hizi samaki wananunuliwa kwa simu wangali baharini, kwenye kundi la mtu aitwaye Lulu. Boti ikifika, mimi nabaki kusalimiana na wavuvi tu."

"Pole, babu. Hilo kundi la wanunuzi nimelianzisha mimi."

Mwishehe akamgeukia. "Wewe ndiye Lulu?"

"Ndiye mimi. Shikamoo tena."

"Marahaba," akajibu, maana salamu haina kosa. "Na samaki aliyeharibika, mnamnusa kwenye simu?"

Lulu akatoa simu yake. "Nipe namba, nikuingize kundini, uwe unatukagulia."

"Sina simu," akasema Mwishehe, akaona haya.

Basi likasimama Mbegani, Lulu akashuka. Mwishehe hakuwa na shughuli yoyote Mbegani, lakini alishuka naye, kwa sababu alikuwa hajamaliza kubisha.