Daktari Kanyaga na Karatasi Yenye Mihuri Kumi na Mmoja

Wafanyakazi wote wa kituo chetu cha afya wanatangaziwa, kwa uzito unaostahili, kwamba kiti cha daktari wa chumba namba nne kimekaguliwa na kukutwa kizima. Kiliingia hapa miaka tisa iliyopita na nailoni yake haijatolewa mpaka leo. Kamati ya watu wawili, yaani mimi na dada yetu wa usafi, imejiridhisha kwamba hakijawahi kukaliwa na mwenyewe.

Mwenyewe anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwenye mafaili ni daktari wa familia. Mtaani ni Daktari Kanyaga, na ukimwita vinginevyo watu watakuuliza unamtafuta nani.

Alipoanza kazi, kituo kilikuwa na vyumba viwili na bomba moja lililokohoa kuliko wagonjwa. Alikuja na mkoba na raba za kamba, na zile raba ndizo zilizotupa wasiwasi. Tangu hapo ametibu bibi, mama na mjukuu wa nyumba moja, na anajua nani kati yao anadanganya kuhusu sukari kwenye chai. Anasema anayedanganya hutazama dari.

Daktari Kanyaga hajawahi kumwambia mgonjwa afanye mazoezi. Kwa maoni yake neno hilo humfanya mtu aone kocha, filimbi na kaptula, akakata tamaa hata kabla hajafunga kamba za viatu. Yeye huuliza maswali ya kimbea. Mkate unanunua wapi? Nani anampeleka mtoto shule? Kisha huchukua karatasi ya dawa na kuandika kama anavyoandika vidonge: kutembea kwa miguu, dakika kumi, kutwa mara mbili, siku thelathini. Sahihi, tarehe, mhuri. Fundi cherehani mmoja aliandikiwa ainuke aizunguke meza kila uzi wa bobini unapoisha. Alirudi kulalamika kwamba sasa bobini zinaisha haraka mno, lakini mgongo ulikuwa umenyamaza.

Sisi wenzake hatukusalimika. Mimi natoa dawa dirishani, na saa za mapumziko nilikuwa najificha nyuma ya makatoni ya pamba akipita kutafuta mtu wa kutembea naye. Siku moja alisimama dirishani akaita kwa sauti ya kusikika foleni nzima, “Kaka, tumbo lako nimeshaliona. Wewe mwenyewe uko wapi?” Foleni ilicheka mpaka mwenye jino bovu akasahau kilichomleta.

Kati ya aliyotuachia, kubwa ni kadi ya mihuri. Mgonjwa wa presha au sukari anakuja kwa miguu mpaka dirishani kwangu, nagonga mhuri, anarudi nyumbani kwa miguu. Tulianza na mmoja, leo wamepita mia mbili, na vituo vingine vimeuiga mpango huu. Ukutani juu ya dirisha langu kuna cheti cha ubunifu, kimeandikwa jina langu kwa wino wa dhahabu. Katika ratiba ya Ijumaa nimepangiwa nisimame nipigiwe makofi kama mbunifu wa kadi hiyo.

Wiki iliyopita Daktari aliniletea ratiba ile, akaweka kidole kwenye jina langu. “Kaka, mimi naondoka. Hii hadithi malizia mwenyewe.” Nimetafakari siku nne. Makofi ni matamu, sikatai. Lakini mambo yalikuwa hivi.

Miaka kumi na minne iliyopita alikuwepo dereva mstaafu wa lori, mzee ambaye alikuwa akiwasha gari kwenda kwa jirani. Presha yake ilikuwa juu na sukari pia, na Daktari alimpa miezi mitatu: sukari ikishuka, ataendelea na vidonge, isiposhuka, ataanza sindano za kila siku. Mzee aliyevuka milima usiku bila breki za kuaminika alikuwa akiiogopa sindano kuliko kitu chochote duniani. Akaandikiwa kutembea, naye akidhani ni jina la dawa, karatasi akaileta dirishani kwangu.

Mwezi ule rafu zilikuwa karibu tupu. Kwa uvivu nilikuwa nimejizoesha kupokea karatasi, kugonga mhuri wa IMEKWISHA, na kusema “Rudi kesho, mzee wangu.” Sikusoma. Akarudi kesho. Nikagonga tena. Gari lake lilikuwa gereji, kwa hiyo alikuja kwa miguu na kuondoka kwa miguu, na kila siku hasira ilimwongezea mwendo. Siku kumi na moja, mihuri kumi na mmoja. Siku ya kumi na mbili aliingia kwa kishindo chumbani kwa Daktari: “Hiyo dawa yako ya kutembea nayo imekwisha? Mnaitoa wapi, ng'ambo?”

Daktari alimpima kwanza. Presha ilikuwa imeanza kushuka. Akamsihi aendelee kuja kila siku, na miezi mitatu ilipotimia sukari nayo ilikuwa imeshuka; sindano akaiepuka. Wakaguzi walipoiona karatasi ile kwenye faili waliuliza nani alibuni mihuri ya kila siku. Daktari akajibu kwamba mihuri ni yangu. Hakusema uongo, na mimi sikufungua mdomo. Cheti kikaja.

Ila kabla ya cheti kulikuwa na siku ile ile ya kumi na mbili. Mzee alipoondoka, Daktari alikuja dirishani, akafunga pazia, akasema kwa sauti ya chini, “Kama hii hukuisoma, nyingine je?” Tukapitia nakala za karatasi zote za wiki zile mbili, moja moja. Wengi nilikuwa nimewajibu sawa. Mmoja, mama mwenye pumu, nilimrudisha mikono mitupu siku tatu kabla, na pampu yake ilikuwa kwenye rafu nyuma ya kichwa changu.

Daktari aliichukua pampu akanikabidhi mimi. Tukaenda kwa mama yule kwa miguu, dakika thelathini na tano, mlima mtupu. Sijawahi kuogopa mlango kama ule. Mama alitufungulia akiwa mzima, kamba ya nguo mkononi. Daktari alisimama pembeni, akaniacha niseme mwenyewe nilichofanya. Nilisema. Mama akaipokea pampu, akasema, “Haya, mwanangu. Siku nyingine soma.”

Njia nzima ya kurudi Daktari hakunikaripia hata neno moja. Alisikia ninavyohema, akapunguza mwendo twende sawa.

Cheti nimekishusha, na Ijumaa msinipigie makofi. Daktari wetu, kwa niaba ya wote uliowaandikia njia, pokea shukrani zetu. Tunakuombea ustaafu mrefu, magoti yasiyolalamika na barabara zenye kivuli. Na kwa kunipunguzia mwendo siku ile, ahsante.