Futi Sita na Inchi Moja

Benchi letu liko mbele ya duka la Aling Pacing, hapa Marikina, Ufilipino, mkabala na uwanja wa kikapu wa mtaa. Ukitaka kiatu kizuri, karakana ziko kila uchochoro. Ukitaka kujua mchezaji gani anafaa timu gani, njoo hapa, na usipotaka utaambiwa vilevile. Jumapili ile ilikuwa siku ya uteuzi. Saa tisa alasiri timu za ligi ya kulipwa zingeanza kuchagua wachezaji wapya, zamu kwa zamu, na timu yetu ya Sardini ilikuwa inatafuta namba mbili, yaani yule mlinzi ambaye kazi yake kubwa ni kutupa mpira kikapuni kutoka mbali. Saa saba mchana tulikuwa tumeshajipanga. Alikuwepo Kocha, ambaye timu pekee aliyowahi kuifundisha ni ya madereva wa bajaji, na ilifungwa mechi zote. Alikuwepo Takwimu, mstaafu wa posta, na daftari lake. Alikuwepo Daktari, ambaye si daktari, anakanda watu misuli. Mimi wananiita Sindano kwa sababu nashona ngozi kwenye karakana ya Mang Turo, na Mang Turo mwenyewe alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Mwanawe, Nulfo, alikuwa mmoja wa hao namba mbili wanaosubiri kuitwa. Ungetegemea mzee aongee kuliko sisi wote, lakini tangu afike alikuwa kimya, anaviangalia vidole vyake vya miguu.

Aling Pacing alikata pakiti za kahawa, akamimina maji ya moto, na mkutano ukaanza.

— Sardini wakinisikiliza mimi, alisema Kocha, wanamchukua Macaraeg wa chuo kikuu na tunakwenda kulala. Lile shuti ni safi. Mkono umenyooka, kidole kimeelekea kikapuni.

— Safi akiwa peke yake, alijibu Takwimu, akalowesha kidole na kufunua daftari. Akiachwa wazi, mipira kumi, sita inaingia. Mtu akimsogelea, inaingia miwili. Na haendi kushoto. Nimemtazama mechi kumi na moja, pare, ndugu yangu, hajaenda kushoto hata kwa bahati mbaya.

— Kushoto atafundishwa.

— Na nani, wewe? Madereva wako wa bajaji walikuwa hawaendi hata mbele.

Tulicheka. Kocha hakucheka, alipuliza kahawa.

— Mimi simtaki Macaraeg kwa sababu nyingine kabisa, alisema Daktari. Mlimwona kwenye televisheni juzi? Mechi imeisha, mikono ingali ya moto, yeye huyo anakwenda kunawa. Maji baridi. Nilitaka kulia. Ile mikono imekwisha, mwakani itakuwa inatetemeka, hawezi hata kushika kijiko.

— Kwa hiyo unamtaka nani?

— Simtaki mtu. Villaluz naye ana upepo gotini.

Huyu Villaluz ni yule kijana aliyezaliwa California, mama yake ndiye wa kwetu. Anaruka sana.

— Anaruka mpaka unasahau kwamba hajafunga, alisema Takwimu. Na akikosa, harudi kulinda. Anabaki kule juu anamwangalia refa.

— Anaangalia refa kwa sababu hajui lugha, nilisema mimi. Anasubiri atafsiriwe kosa lake.

— Goti la kulia, aliendelea Daktari kana kwamba hakuna aliyesema. Nimelisikia.

— Umelisikia kwenye televisheni?

— Mimi nasikia magoti.

Hapo ikawa zamu ya Nulfo, na kila mtu akamwangalia baba yake kwanza. Nulfo hakusoma chuo kikubwa. Amekulia uwanja huu huu, akicheza na ndala, baadaye akaenda ligi za mikoani ambako basi linaharibika na wachezaji wanalisukuma. Mwaka juzi mwalimu mmoja wa timu kubwa alimwambia mbele za watu: ungekuwa na futi sita tu ningekuchukua. Mwaka jana hakuitwa. Sasa ana miaka ishirini na saba, na karatasi za kazi ya Qatar ziko tayari juu ya friji ya Mang Turo. Asipochaguliwa leo, anasaini kesho.

— Dogo wetu, alisema Kocha kwa heshima, kwenye kona yuko sawa na yeyote. Akipokea mpira, keshatupa. Macaraeg anataka kwanza auage.

— Asilimia arobaini na moja kutoka mbali, alisema Takwimu, na zimehesabiwa na mimi, si na shangazi yake. Na analinda. Kinachomwangusha ni kimo, futi tano na inchi kumi na moja kwa namba mbili wa siku hizi ni kidogo. Subiri nione wameandikaje.

Akatoa gazeti lililokuwa na orodha ya wachezaji wote waliopimwa na ligi wiki iliyopita. Akaliweka karibu na pua.

— Eustaquio, Arnulfo. Marikina. Miaka ishirini na saba. Futi sita na inchi moja.

— Soma tena, alisema Kocha.

— Futi sita na inchi moja.

Tuligeuka wote kuutazama mlingoti wa kikapu ng'ambo ya barabara. Mlingoti ule una alama za rangi za futi na inchi. Kila mwaka mpya vijana wa mtaa wanaruka saa sita ya usiku ili warefuke, na asubuhi yake wanasimama pale kupimwa mmoja mmoja. Januari Nulfo alisimama, na Takwimu ndiye aliyeandika: futi tano, inchi kumi na moja. Sasa ni Machi.

— Mtu harefuki inchi mbili akiwa na miaka ishirini na saba, nilisema.

— Kama aliruka vizuri? alisema Kocha. Mimi nilikuwepo. Wenzake waliruka mara tatu wakaenda kula. Nulfo aliruka mpaka fataki zikaisha. Dawa nyingine huchelewa kufanya kazi.

— Acha porojo. Ni mimi, alisema Daktari. Februari nilimkanda mgongo. Uti ulikuwa umejikunja, nikauvuta. Nilisikia mlio.

— Wewe kila kitu unasikia, alisema Kocha. Kwa hiyo unaweza kumrefusha na mke wangu?

— Mkeo ni mrefu kuliko wewe tayari.

— Mimi nadhani ni mlonge, alisema Aling Pacing kutoka dirishani. Mama yake alikuwa anakuja kuchukua majani yake hapa kila siku.

— Mlonge ni wa maziwa ya wanaonyonyesha, Aling Pacing, alisema Daktari.

— Na wewe umemnyonyesha nani mpaka ukaujua?

Takwimu hakuwa anacheka. Alikuwa amekunja gazeti vizuri, na uso wake umekuwa wa posta.

— Jamani, hili si la utani. Nimesikia kabla majina hayajasomwa timu inaruhusiwa kuomba mchezaji apimwe tena. Akikutwa amedanganya kimo, jina linafutwa. Mwaka mzima.

Ndipo Mang Turo aliposimama. Akakaa. Akasimama tena.

— Ni mimi, alisema.

— Wewe nini, Mang Turo?

— Ni mimi niliyemrefusha. Vile viatu vyake vya mpira nilivifungua usiku mmoja kabla ya vipimo, yeye amelala. Ndani, chini ya kisigino, nikaweka sponji ngumu. Inchi moja. Nikafunika kwa ngozi, nikashona, hata Sindano hapa angevishika asingejua. Soli yenyewe ni inchi moja, na sponji inchi moja. Jumlisheni. Juu ya tano na kumi na moja, ni ile ile iliyoandikwa gazetini.

Tulijumlisha kimoyomoyo na jibu likaja hilo hilo. Mimi nimeshona na yule mzee miaka kumi na tisa na sijawahi kumwona akimdanganya mteja hata kwa uzi. Niliumia kumwona vile, mikono imening'inia kama si yake.

— Alijua? nikauliza.

— Hakujua. Nilimwambia nimevibadilisha gundi. Sasa watamvua viatu mbele ya watu wote, mwanangu atasimama pale anashangaa, na hatajua hata nani wa kumlaumu.

Hapo tulipaswa kuwa wenye akili. Badala yake tukawa sisi.

— Apigiwe simu akae chini, alisema Kocha. Mtu aliyekaa hapimiki. Akae tu mpaka aitwe.

— Na akiitwa?

— Ainuke haraka, apite.

— Mimi naweza kwenda kumvuta, alisema Daktari. Nikipata bajaji sasa hivi nafika. Inchi moja namtoa mgongoni, inchi nyingine shingoni.

— Utamuua.

— Atakufa akiwa na futi sita.

— Aseme ni woga, alisema Takwimu, na nikajua hali ni mbaya, maana huyu ndiye tunayemtegemea kwa akili. Kuna utafiti. Mtu akiogopa uti unasinyaa. Wiki iliyopita alikuwa hajaogopa.

— Utafiti wa nani?

— Sikumbuki jina.

Wakati wanabishana kama ni uti au ni magoti yanayosinyaa, alikuja mama mmoja mgeni wa mtaa, ana wiki mbili tu tangu ahamie nyumba ya bluu ya kona. Alitaka siki na mayai manne. Alisimama dirishani akisubiri, na kwa kelele zile hakuwa na njia ya kutosikia. Aling Pacing alipompa mayai yake, akatugeukia.

— Samahanini, kina kuya, kaka zangu. Kwani walipompima alikuwa na viatu?

Takwimu alifunua daftari, akalifunga. Daktari alimwangalia Kocha. Tulikuwa na asilimia za kila kona ya uwanja, tulikuwa na magoti ya watu wa California, na hilo hakuna aliyekuwa nalo.

— Mpigie, nilimwambia Mang Turo.

— Nitamwambia nini?

— Muulize alichouliza huyu mama, basi.

Simu iliwekwa sauti ya nje juu ya benchi, katikati ya vikombe. Iliita muda mrefu. Nulfo alipopokea, nyuma yake kulikuwa na kelele za ukumbi na mtu anajaribu kipaza sauti.

— Tatay, niko ndani ya suti, usinifanye nitoke jasho.

— Siku ile ya vipimo, mwanangu. Walipokupima kimo. Ulikuwa umevaa viatu?

— Viatu gani? Walituvua mpaka soksi. Tulipangwa ukutani pekupeku, sakafu baridi. Kwa nini?

Mang Turo alinisukumia simu. Nikamsaidia.

— Nulfo, ni Sindano. Walisema ngapi?

— Sita na moja. Mimi mwenyewe nikawaambia mmekosea, mimi ni tano na kumi na moja, mwaka mzima mtaani tunajua. Wakanipima tena na chuma kingine. Ikaja sita na moja. Nikasema haya, mimi ni nani nikatae.

— Na viatu nilivyokutengenezea? alisema Mang Turo.

— Ile sponji? Nilishaitoa siku ya kwanza, Tatay. Ilikuwa inanisukuma mbele, kila shuti linagonga chuma. Nilidhani umeweka kwa ajili ya kile kisigino changu kinachouma, nikaona nisikuvunje moyo. Iko chini ya kitanda. Wananiita, nikae kwenye kiti changu.

Akakata.

Mang Turo aliketi taratibu, akafunika uso kwa viganja. Mabega yalitikisika, na kwa muda hatukujua ni kilio au ni kicheko. Alipotoa mikono vilikuwa vyote viwili. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia, kitu ambacho hatufanyi kazini. Daktari alimpiga mgongoni akisema hewa mbaya inatoka, na safari hii hakuna aliyembishia.

— Sasa mlingoti? alisema Kocha. Mlingoti unasema tano na kumi na moja.

— Nani aliupaka zile alama? aliuliza yule mama, ambaye sasa alikuwa ameketishwa kwenye benchi na kupewa kahawa.

Mang Turo alijipapasa, akatoa mfukoni tepu yake ya kitambaa, ile ya miaka yote, imelegea na rangi imefutika. Alama zile alizipaka yeye, baada ya yale mafuriko makubwa. Aling Pacing akaleta ubao wake wa yadi anaopimia vitambaa vya plastiki vya mezani. Tukalaza tepu juu yake. Yadi ni inchi thelathini na sita. Tepu ilikuwa inasema thelathini na tano.

— Imevutika, alisema yule mama. Kila yadi inakula inchi.

Takwimu alishika kalamu, akaandika, midomo inacheza.

— Futi sita ni yadi mbili. Ni inchi mbili. Mtaa mzima, jamani. Tumeandika mtaa mzima mfupi miaka yote hii.

— Mimi pia? alisema Kocha.

— Wewe pia. Si futi tano na tatu. Unakaribia tano na tano.

Kocha alisimama, akavuta shati, akaangalia kuelekea nyumbani kwake.

— Yule mwanamke atanitambua leo.

Tulicheka mpaka Aling Pacing akatuambia tunafukuza wateja. Saa tisa ilipotimu aligeuza televisheni ya dukani itutazame. Ukumbi ulikuwa umejaa, na kamera ilipopita kwenye safu za nyuma tulimwona Nulfo, suti imembana mabegani, amekaa wima. Timu ya kwanza ikamwita Macaraeg. Ya pili ikamwita Villaluz. Takwimu akakohoa, akasema kwa upole asioutumia na sisi:

— Mang Turo, ujue wanaweza wasimchukue. Ni wengi, na yeye ni mtu mzima.

— Najua, alisema Mang Turo. Alikuwa ameegemea ukuta, miguu kainyoosha mpaka barabarani. Wakimwacha kwa sababu ana miaka ishirini na saba, ndivyo mpira ulivyo, atakwenda Qatar. Mimi nilikuwa naogopa wamwache kwa sababu yangu.