Fundo la Kitenge

Sikieni wanangu, Rosine na Dady, mukae karibu na kitanda, sauti yangu haifiki mbali tena, na neno hili sitaki kwenda nalo mbele ya Mungu kabla nyinyi hamujalisikia.

Shamba la mihogo la njia ya Wamaza ni la Dady, nyumba hii ni ya Rosine, musigombane. Lakini miti mitatu ya moringa nyuma ya jiko ni ya kijiji kizima, na sababu yake naona haya kuitaja.

Tangu wachimba dhahabu waingie upande wa juu wa muto wetu, na maji kuwa kama chai ya maziwa, nilikuwa nayaombea, na tukimaliza sala ndefu watu wanakuta maji ya ndoo yametakata, wakaniita mama wa maji. Haikuwa sala. Muuguzi mumoja wa Kasongo alinifundisha: menya mbegu kavu za moringa, zitwange, koroga unga wake katika maji, acha masaa mawili tope lishuke, mimina ya juu, halafu uchemshe, maana maji yaliyotakata bado yanaweza kubeba ugonjwa. Mimi nilificha unga ule katika fundo la kitenge changu, nikautia watu wakiwa wamefumba macho. Na habari ya kuchemsha nikainyamazia, kwa kuwa nilijua wataniuliza ni sala gani inayohitaji moto.

Jirani yetu Cécilia akamunywesha mutoto wake Elsa maji yale hivyo hivyo. Kipindupindu. Siku ya tatu tulimuzika, na mimi ndiye niliyeongoza nyimbo. Cécilia akanishika mikono: "Mama Émérance, bila maji yako angekwenda mapema zaidi."

Nilijaribu kusema. Kanisani nilifungua fundo, nikaonyesha unga. Wakapiga makofi, wakasema mama anajishusha. Hata jana wameleta ndoo nne hapo mulangoni, na mimi siwezi kuinuka nizimwage.

Rosine, siku ya matanga watakuja na bidoni zao za maji. Twanga mbegu mbele yao, macho yao yakiwa wazi, na Dady awashe moto, mutu asiondoke na maji ambayo hayajachemka. Muanze kwa kumuambia Cécilia kweli hii. Asiponisamehe, musimubembeleze.

Mungu awalinde, wanangu. Awape kusema kweli mapema kuliko mimi... Kifua kimebana. Nipe maji, Rosine, kidogo tu.

Ngoja. Umeyachemsha?