Kisahani Alichokitoa Pipani

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Pipa anavua koti jeupe alilolivaa miaka thelathini na moja katika maabara yetu ya vimelea. Nilipoombwa kuandika wasifu huu nilidhani ni kazi ya nusu saa. Leo ni siku ya tatu na bado sijamaliza.

Alianza kama mwosha vyombo vya maabara, akasoma jioni, akapanda hadi kuwa mkuu wa chumba. Madaktari bingwa aliwakaripia kwenye simu huku akiwaita wanangu, na kikombe chake cha kijani hakuna aliyethubutu kukigusa. Ila zaidi ya yote anajulikana kwa pipa. Kila asubuhi, kabla taka hazijaingia kwenye mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, huvaa glavu, akainama na kukagua kisahani kimoja kimoja cha kuoteshea vimelea tulichotupa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Jina la Mama Pipa nililitunga mimi.

Kisahani kikiota manyoya ya ukungu, wengi wetu husema ni vumbi la hewani, tunatupa. Mara nyingi ni kweli. Mbegu za ukungu tunazivuta sote kila siku, na chembe nyeupe za damu huzimeza kabla hazijaota, wala hatuna habari. Lakini yeye hakuchoka kutuuliza kinga ya mwenye kisahani ikoje. Mgonjwa ambaye dawa za saratani zimemmalizia chembe hizo hana mlinzi mlangoni. Ukungu humwota mapafuni, ukapenya hadi kwenye mishipa ya damu, na dawa za bakteria hazifui dafu.

Juzi nilifungua daftari la miaka tisa iliyopita nikitafuta kisa cha kuchekesha. Nikakuta kisahani kilichotupwa, sababu: vumbi. Sahihi yangu. Imekatwa kwa mstari wa rula, na pembeni mwandiko wake: kimetolewa pipani, ukungu halisi, chembe nyeupe karibu hakuna, wodi imepigiwa simu saa mbili na robo asubuhi.

Maabarani hatuandiki majina, ni namba tu. Ile namba nilihisi naijua. Nilikwenda nyumbani nikafungua faili la matibabu la mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akitibiwa saratani mwaka ule, nikakaa sakafuni. Ni yeye. Wiki ile nilikuwa napanda wodini kila mchana kumpepea homa, kumbe huku maabarani nimemtupa pipani. Dawa ya fangasi alianzishiwa siku ileile, ikauzuia ukungu mpaka chembe zake zikarudi kumalizia kazi.

Mama Pipa alijua tangu simu ile, wodi ilipomtajia jina la mgonjwa. Wiki hiyohiyo alianza kunikalisha kwenye hadubini kila asubuhi, nami nikalalamika kwa kila mtu kwamba ananionea. Jana nilimuuliza mbona alinyamaza miaka yote hii. Alijibu kwamba ningeacha kazi, na yeye alihitaji mtu wa kumwachia pipa.

Mdogo wangu nimemweleza yote. Aliuliza tu sherehe ya kumuaga Mama Pipa inaanza saa ngapi. Ijumaa atakaa kiti cha mbele.

Asante, mama. Sote tunakuombea afya na mapumziko marefu. Jumatatu amka saa unayotaka. Glavu ninavaa mimi.