Alama ya Kujumlisha: Maneno ya Kumuaga Elisifa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wetu, Baba Mchungaji, wazee wangu mliopanda kutoka Kahe na mlioteremka kutoka Mwika, shikamooni. Wafanyakazi wenzangu, habari za mchana.

Mimi Salvina, muuguzi wa wodi ya wazazi, nimeombwa nimuage binti yetu Elisifa, mwandishi wa programu zetu za kompyuta, anayehamia Dodoma. Nitawasimulia jambo alilolifanya mwaka juzi. Yeye mwenyewe ameniruhusu.

Mnakumbuka tulivyoifurahia programu yake ya kutafuta wachangiaji damu? Unaandika kundi la damu, unabonyeza, majina yanakuja. Wiki ile ile ya kwanza, Magdalena wa Kirua Vunjo alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukatika. Friji ya damu ilikuwa tupu. Niliandika O+ kwa mkono wangu huu. Kompyuta ikajibu: hakuna. Tukatuma gari kwa ndugu zake mlimani. Liliporudi, Magdalena alikuwa ameshatutoka.

Mchana ule Elisifa aliketi mbele ya kompyuta ile, akaandika O+ kama mimi, akaitazama anwani ya ukurasa iliyojiandika juu ya skrini. Akajishika kichwa. Programu ilichukua maandishi yetu na kuyabandika mabichi, kama yalivyo, kwenye anwani, baada ya alama ya kuuliza. Na katika sehemu hiyo ya anwani, alama ya kujumlisha husomwa kama nafasi tupu. Sisi tuliuliza O+, kompyuta ikasoma O na pengo. Wachangiaji wa O+ walikuwamo, tena wengine hapa hapa Moshi mjini.

Nani angejua, ndugu zangu, kama angenyamaza? Wapo waliomwambia, "Sema mtandao ulikatika." Elisifa akaenda msibani. Nilikuwa kando yake alipomwendea Hosea, mume wa marehemu.

"Pole, kaka Hosea. Wachangiaji walikuwapo. Kompyuta haikuwaona."

"Iliharibika?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyeiandika vibaya."

Hosea alikuwa amempakata mtoto. Akamfunika vizuri kwa kanga. Kisha akasema, "Usikae hapa kulia, dada. Nenda kairekebishe. Wake za wenzangu wako huko wodini."

Elisifa akarudi, akairekebisha: kila kinachoandikwa kigeuzwe kwanza kuwa msimbo, jumlisha iwe %2B, ndipo kiunganishwe na anwani. Hakuishia hapo. Alipekua kila ukurasa aliowahi kuuandika, akaujaribu kwa majina yenye ritifaa kama ile ya neno ng'ombe, yenye nafasi, yenye kila alama iliyomo kwenye kibodi.

Elisifa, najua hujajisamehe. Lakini mwezi uliopita mama mmoja wa Kahe aliletwa akivuja damu. Tukaandika B+, na jina la kwanza kutokea likawa la Hosea. Alikuja mbio, mikono ingali na udongo wa shamba la kahawa, akalala kitandani, akanyoosha mkono. Mama yule yu hai. Hosea yupo hapa leo, safu ya nyuma; tulimwomba akae mbele, akakataa.

Nenda salama, mwanangu. Nanyi nyote, asanteni kwa kunitegea sikio.